Tandiko la Farasi wa Thoroughbred: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu waliopata Thoroughbred wao wa kwanza, na wengi wao humpata akiwa ametoka kwenye uwanja wa mbio. Kuna maneno machache yatakayojirudia, basi tuelewane mapema. Kigongo ni ile sehemu iliyoinuka mwanzoni mwa mgongo, shingo inapokomea. Kiunzi ni lile umbo gumu lililojificha ndani ya ngozi ya tandiko. Mito ni ile miwili ya chini, iliyojazwa sufu au sponji, inayolala mgongoni. Mfereji ni uwazi unaopita katikati ya mito hiyo. Mshipi ni ukanda unaopita chini ya kifua kulishikilia tandiko.

Farasi ni farasi. Kwa nini Thoroughbred ahitaji uangalifu wote huu?

Kwa sababu ya alivyoumbwa. Aina hii ilikuzwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18 kwa kazi moja tu, mbio, na Thoroughbred wote waliopo leo wanarudi, kwa ukoo wa baba, kwenye madume watatu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kitabu cha nasaba zao kilianza kuchapwa mwaka 1791, na tangu enzi hizo anayechaguliwa kuzalishwa ni anayefika mbele. Mgongo wake unakalika au haukaliki, hilo halikumshughulisha mtu.

Msimamie kando utayaona matokeo. Kigongo chake ni kirefu, chembamba, na hakiishii ghafla. Kinateremka polepole hadi ndani kabisa ya eneo ambalo tandiko linakaa. Mabega yamelala nyuma na yanahitaji nafasi kubwa ya kuzunguka. Kifua kimeshuka sana karibu na miguu ya mbele, kisha tumbo linapanda kuelekea nyuma. Ngozi ni nyembamba na nywele ni fupi, kwa hiyo kinachokwaruza kinaonekana upesi. Farasi mnene wa mgongo bapa anaweza kuvumilia tandiko lenye kasoro ndogo kwa muda mrefu. Huyu havumilii, na mara nyingi atakuambia siku hiyo hiyo.

Tandiko linatakiwa kukaa wapi hasa?

Linaanza nyuma ya kombe la bega na kuishia kabla ya kupita ubavu wa mwisho. Farasi ana jozi 18 za mbavu. Kumtafuta wa mwisho, weka kiganja ubavuni, sukuma kwa upole kuelekea nyuma mpaka vidole viangukie kwenye sehemu laini isiyo na mfupa, kisha fuata ukingo huo kwenda juu mpaka karibu na uti wa mgongo. Hapo weka alama ya chaki. Mbele ya alama hiyo mbavu zinausaidia mgongo kubeba. Nyuma yake ni kiuno, na kiuno hakikuumbwa kubeba mtu aliyekaa.

Uzito unabebwa na misuli mirefu iliyolala pande mbili za uti. Uti wenyewe haubebi kitu, hata nguo inayotandazwa chini ya tandiko.

Naona kila anayefundisha anasema "sogeza nyuma". Kuna nini mbele?

Kombe la bega linatembea. Mguu wa mbele unapokwenda mbele, sehemu ya juu ya kombe inarudi nyuma, na kwa Thoroughbred mwenye hatua ndefu inarudi kwa sentimita kadhaa. Ncha ngumu za kiunzi zikiwa zimesimama njiani, kila hatua kombe linazigonga.

Lijaribu hili kwa mkono. Mtu mmoja auinue mguu wa mbele na kuunyoosha taratibu kwenda mbele. Wewe weka kiganja bapa juu ya ukingo wa nyuma wa kombe, chini tu ya kigongo. Utalihisi likisogea chini ya ngozi na kuvisukuma vidole vyako nyuma. Pale lilipofika ndipo mpaka wako. Kiunzi kianze vidole viwili au vitatu nyuma ya ukingo wa kombe farasi akiwa amesimama, na ukirudia jaribio hili tandiko likiwa mgongoni, bado mkono upite bila kubanwa.

Ukitandika, weka tandiko mbele kidogo kuliko linapotakiwa, kisha liteleze nyuma mpaka lenyewe lisimame. Hivyo nywele zinalala zinavyoelekea. Usilisukume kamwe kutoka nyuma kwenda mbele.

Nimeambiwa Thoroughbred wote wanavaa kiunzi chembamba. Ninunue hicho nimalize kazi?

Usinunue. Ushauri huo ndio ulioharibu migongo mingi kuliko mwingine wowote ninaoufahamu. Ni kweli kwamba farasi aliyekonda kutoka kwenye mbio hupimwa akaonekana mwembamba, lakini Thoroughbred aliyetulia, akala vizuri na kufanya kazi ya kujenga mgongo, mara nyingi anahamia kiunzi cha kati, na wapo wanaovaa kipana.

Herufi za upana zilizoandikwa kwenye tandiko nazo hazikusaidii sana, kwa kuwa watengenezaji hawana kipimo kimoja. Kiunzi cha kati cha huyu ni chembamba cha yule. Hata Walsall, mji wa Uingereza uliotengeneza matandiko mengi kiasi kwamba klabu yake ya mpira ina jina la utani la Watengeneza Matandiko, ukitoka karakana moja kuingia nyingine kipimo kinabadilika. Wengine wanapima sentimita kati ya ncha mbili za kiunzi, wengine wanatumia namba zao wenyewe.

Na upana ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni pembe. Viunzi viwili vinaweza kuwa na upana ule ule chini, kimoja kikasimama wima na kingine kikalala. Mikono ya kiunzi inatakiwa ifuate mteremko wa mwili wa farasi nyuma ya bega, sambamba kabisa, ili mguso ugawanyike juu mpaka chini. Ikigusa ncha peke yake, inachoma. Ikigusa juu peke yake, inabana kigongo.

Basi pima farasi. Tafuta waya laini unaopindika bila kurudi nyuma, au rula ya kupinda ya wachoraji. Msimamishe kwenye sakafu iliyo sawa, miguu ya mbele ikiwa sambamba na kichwa kikitazama mbele. Akigeuza shingo kuangalia majani, kipimo kimeharibika. Ulaze waya juu ya mgongo vidole viwili nyuma ya kombe la bega, ukandamize pande zote mbili ulale kwenye ngozi, kisha uunyanyue bila kuupanua. Uweke juu ya karatasi ngumu, chora upande wa ndani, andika tarehe, na uandike upi ni kushoto. Chora tena chini ya sehemu ya kukalia, na mara ya tatu karibu na ubavu wa mwisho. Mwisho laza waya kwa urefu, kufuata mgongo kutoka kigongo kwenda nyuma, upate mkunjo wake.

Kata ile karatasi ya kwanza ibaki umbo la mgongo. Ukifika mbele ya tandiko lolote, liinue, ingiza karatasi chini ya ukingo wa mbele, utazame kama pembe zinaenda pamoja. Katika muda mfupi utakuwa umeyaondoa matandiko mengi bila hata kumtoa farasi bandani.

Utashangaa pia kuona kwamba kushoto na kulia hakulingani. Farasi wengi wana bega moja kubwa kuliko jingine. Tandiko linafuata bega kubwa, na upande mdogo unajaziwa.

Nitajuaje kama kiunzi nilicho nacho ni chembamba mno au kipana mno?

Ondoa nguo zote za chini ya tandiko, weka tandiko tupu mgongoni, rudi nyuma hatua chache utazame kwa ubavu.

Kiunzi chembamba kinakaa juu juu, hakishuki. Ukingo wa mbele unainuka na kiti kinamwagika nyuma, hivyo aliyekaa anajikuta akisukumwa kwenye ukingo wa nyuma huku akitafuta miguu yake. Uzito wote wa mbele unaishia kwenye ncha mbili. Kipana mno kinafanya kinyume: mbele kunazama, kiti kinakumiminia mbele, na ukishapanda tandiko linakaribia kugusa kigongo. Watu wengi wanakihofia hiki cha pili kwa sababu kinaonekana, nao wanakikimbilia cha kwanza kwa sababu kinaonekana kina nafasi nyingi. Vyote viwili vinaumiza.

Weka kalamu ya mviringo au mpira mdogo kwenye kiti. Unatakiwa utulie katikati, pale unapokaa wewe. Ukikimbilia mbele au nyuma, mizani imeharibika.

Vidole vingapi vipite juu ya kigongo?

Viwili hadi vitatu, vikiwa vimelala kimoja juu ya kingine, na vipite mtu akiwa amepanda. Tandiko tupu halikuambii ukweli hapa. Kwa Thoroughbred usiishie kupima juu. Pitisha kidole pande zote mbili za kigongo pia, kwa kuwa kirefu namna hii hubanwa ubavuni hata kama kileleni kuna hewa. Kisha fuata mfereji kwa macho kutoka nyuma. Lazima uone mwanga mpaka mwisho wa pili. Mahali ambapo matandiko mengi humkosa farasi huyu si kwenye kilele cha kigongo bali pale mkia wa kigongo unapoteremka, chini ya sehemu ya mbele ya kiti, ambapo macho hayafiki kirahisi. Matandiko mengine yamekatwa ukingo wa mbele ukarudi nyuma kwa ajili ya vigongo hivi. Husaidia, ila hayafanyi kiunzi kibaya kuwa kizuri.

Mfereji uwe na upana gani?

Vidole vitatu hadi vinne, kuanzia mbele mpaka nyuma. Mingi inaanza vizuri kisha inabana kuelekea nyuma. Pitisha ngumi yako humo tandiko likiwa limepinduliwa, ikikwama, liache.

Mito inagusa mbele na nyuma lakini katikati mkono wangu unapita. Ni kasoro?

Ndiyo, na ni ya kawaida kwa farasi mwenye mgongo uliobonyea kidogo baada ya kigongo. Tandiko limekuwa daraja: limesimama juu ya sehemu nne, na kila moja inabeba zaidi ya haki yake. Nafasi ndogo sana, tandiko likiwa tupu, huenda ikaondoka ukishakaa. Ikiwa kiganja kizima kinapita bila kugusa kitu, haiondoki.

Kinyume chake ni tandiko linalobembea. Kandamiza mbele, nyuma kunainuka. Kandamiza nyuma, mbele kunainuka. Hilo lina mkunjo mkubwa kuliko mgongo wenyewe, na litakuwa likigeuka geuka katikati kila hatua ya mchakamchaka. Fundi anaweza kuongeza au kupunguza sufu ndani ya mito, na hapo mito ya sufu inaishinda ya sponji kwa mbali. Mkunjo wa kiunzi hauguswi na sufu.

Nikiweka nguo nene chini si itatosha?

Kofia inayokubana kichwa huipanui kwa kuweka kitambaa ndani. Kiunzi chembamba kikiongezewa nguo kinabana zaidi.

Kuna hali moja ambapo kujazia kunakubalika, nayo ni pale kiunzi kilipo na upana wa kutosha lakini misuli ya farasi bado haijajaa. Hapo unatumia nguo yenye mifuko ya kuingiza vipande vya kujazia mbele, pande zote mbili za kigongo, na unavipunguza kadiri mwili unavyorudi. Nguo yoyote utakayotumia, ivute juu iingie ndani ya mfereji kabla ya kufunga mshipi. Ikikaa imenyooka juu ya kigongo, mshipi ukikazwa inakuwa kamba inayokandamiza mfupa.

Farasi wangu ametoka kwenye mbio juzi. Nimnunulie tandiko zuri sasa au nisubiri?

Subiri, au nunua linalobadilika. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Farasi wa mbio amezoea tandiko dogo lisilofika hata kilo moja siku ya mashindano, na mpandaji aliyesimama kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia miguu, akiinama juu ya shingo, mtindo ulioenezwa Uingereza na Mmarekani Tod Sloan mwishoni mwa karne ya 19. Hakuwa amekaliwa. Amejengeka kwa kusukuma mbele kwa miguu ya nyuma, siyo kwa kuinua mgongo na kubeba mtu. Akija kwako, tazama nyuma ya kigongo pande zote mbili: mara nyingi utakuta mabonde mawili yanayoweza kuchukua kiganja. Hayo si umbo lake la kudumu. Ni misuli iliyosinyaa.

Kisha anabadilika, na anabadilika kwa kasi. Lishe inamwongezea mafuta. Kwenye kipimo cha unene cha alama 1 hadi 9 kilichotungwa na Don Henneke, Texas, mwaka 1983, anayetoka kwenye mbio akiwa na 4 anaweza kufika 5 au 6 akitulia. Kazi ya taratibu inajaza yale mabonde. Kama bado ni mdogo, wa miaka mitatu au minne, mwili wenyewe haujamaliza kukua. Tandiko lililomkaa sawasawa wiki alipofika linaweza kumbana kabla ya miezi sita, na kosa linalofanyika ni kumwona mtundu: "ameanza jeuri sasa ameshiba." Huenda amejaa tu, na kiunzi hakikujaa naye.

Kwa kipindi hiki tafuta tandiko la kawaida lenye bamba la mbele linalobadilishwa upana, au kiunzi kinachoweza kupanuliwa na fundi, na mito ya sufu. Kichague kikiwa kipana kidogo kuliko mwili wa leo, ujazie mabonde kwa vipande. Bamba linabadilisha upana pekee. Pembe, mkunjo na upana wa mfereji vinabaki vile vile, kwa hiyo bado vipimo vyako vya karatasi vinahitajika. Lile tandiko la ngozi unalolitamani litakuwepo mwaka ujao.

Naweza kuendelea na tandiko lake la mbio kwa mazoezi ya kawaida?

Hapana. Halina kiunzi kamili cha kugawa uzito wa mtu aliyekaa.

Tandiko linateleza. Mshipi nimekaza mpaka basi.

Swali la kwanza ni linateleza kuelekea wapi, kwa sababu sababu zinatofautiana.

Likienda mbele na kupanda mabega, tazama mahali mshipi unapotulia. Kila farasi ana sehemu yake nyembamba nyuma ya viwiko ambako mshipi hurudi tu, ufanye ufanyavyo. Kwa Thoroughbred wengi sehemu hiyo iko mbele. Mikanda ya tandiko inayoshika mshipi ikiwa nyuma kuliko hapo, mshipi utakimbilia mahali pake na kulivuta tandiko pamoja nao. Fundi anaweza kuhamisha mkanda wa kwanza mbele zaidi, au utumie mshipi uliopinda uliokatwa kwa ajili ya vifua hivi.

Likirudi nyuma, kwa kawaida ni lile umbo la kifua kikubwa na tumbo lililopanda. Ukanda wa kifuani unasaidia, lakini kwanza hakikisha kiunzi si chembamba, maana chembamba nacho husukumwa nyuma na mabega kila hatua. Ukifunga ukanda wa kifuani juu ya kiunzi kibaya, unalizuia tandiko lisikimbie mahali lilipokuwa linafukuzwa.

Likienda upande mmoja, kila siku upande ule ule, simama ufikiri. Inawezekana mito haijajazwa sawa. Inawezekana ni wewe unayekaa mkao wa upande. Lakini Line Greve na Sue Dyson, madaktari wa farasi, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwamba tandiko linaloteleza upande mmoja mara nyingi linaendana na kilema cha mguu wa nyuma, hata kile ambacho jicho la kawaida halikioni. Mguu ukitibiwa maumivu, tandiko likarudi katikati. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi mara ya tatu, muite daktari.

Kuhusu kukaza: mshipi unakazwa kwa awamu, tundu moja moja, pande zote mbili, na tena baada ya kutembea kidogo. Mshipi wa kukatisha pumzi hautengenezi kiunzi.

Mimi nipimwe vipi?

Ukubwa wa kiti hupimwa kwa inchi, kutoka kwenye kifungo cha pembeni mwa ukingo wa mbele hadi katikati ya ukingo wa nyuma. Watu wazima wengi huangukia kati ya 16.5 na 18. Ukikaa sawasawa, kiganja kimoja kilale nyuma yako kabla ya kufika ukingoni. Urefu wa paja lako nao unahesabika kuliko uzito, kwa kuwa goti lisilopata nafasi mbele hukusukuma nyuma ya kiti.

Kuna mgogoro unaotokea hapa. Mtu mrefu anahitaji kiti kikubwa, mgongo wa farasi ni mfupi, na mito inavuka ubavu wa mwisho. Farasi ndiye mwenye kauli. Tafuta tandiko ambalo mito yake ya nyuma imekatwa kwenda juu, au lenye vibawa vya pembeni (vile vipande vya ngozi vinavyoning'inia chini ya mapaja) vilivyosogezwa mbele ili paja lipate nafasi bila kurefusha kiti.

Nichague la kuruka, la mazoezi ya uwanjani au la kazi zote?

Kwanza uamue utafanya nini naye zaidi. La kuruka lina vibawa vilivyokatwa mbele na kiti kisicho na kina kirefu, urithi wa mwanajeshi Mwitalia Federico Caprilli, aliyewafundisha wapandaji kuinama mbele na farasi badala ya kuegemea nyuma hewani. La mazoezi ya uwanjani lina vibawa virefu vilivyonyooka na kiti chenye kina. La kazi zote liko katikati, na kwa anayeanza na farasi anayebadilika mwili linatosha kabisa. Wanaolidharau mara nyingi wanauza jingine.

Na lile lisilo na kiunzi? Si linafuata mwili wowote?

Kwa farasi wa mgongo bapa, labda. Kwa kigongo kirefu silipendekezi. Bila kiunzi, kinachoweka uwazi juu ya mfupa ni nguo maalumu ya chini peke yake, na ukisimama kwenye vikuku uzito wote unashuka kwenye kamba mbili nyembamba zinazovishika.

Nimepata la mitumba, ngozi nzuri sana. Nikague nini?

Ngozi iwe ya mwisho. Anza na kiunzi. Bana ukingo wa mbele kwenye paja lako, shika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili, uvute kuelekea kwako. Kiunzi chenye springi kinatoa kidogo kisha kinarudi. Kikikunjika, kikatoa sauti, au kiti kikaonyesha makunyanzi yanayokatiza katikati, kimevunjika. Kisha shika pande mbili za ukingo wa mbele ujaribu kuzipanua na kuzibana. Hapo hapatakiwi kusogea chochote. Tandiko lenye kiunzi kilichovunjika halina bei nzuri, hata likitolewa bure.

Lipindue. Litazame kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa mfereji: mto mmoja ukiwa mnene kuliko wa pili au mfereji ukienda kombo, yawezekana kiunzi kimepinda. Hilo hutokea kwa kupanda kila siku kutoka chini, upande wa kushoto, ukijivuta. Tumia kibao cha kupandia. Papasa mito kwa vidole kama unatafuta kokoto kwenye mchele. Sufu iliyoshikamana mabonge inaweza kutolewa na kuwekwa mpya. Mwisho vuta mikanda inayoshika mshipi na utazame mishono yake, maana hiyo ndiyo inayokuweka juu.

Baada ya mazoezi kuna mahali pakavu katikati ya jasho. Ina maana gani?

Ama hapaguswi kabisa, ama pamekandamizwa mno hata tezi za jasho zikashindwa kufanya kazi. Utatofautisha kwa nywele na kwa mkono: pakiwa pamelala, pamesuguliwa, au farasi akishtuka ukipapasa, ni mkandamizo. Pakavu kote kwenye mstari wa mfereji ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Alama ya jasho ilingane kushoto na kulia.

Nywele nyeupe pembeni mwa kigongo ni habari ya zamani. Mkandamizo uliua seli zinazotoa rangi, na mara nyingi rangi hairudi. Farasi akija nazo usimlaumu aliyekuuzia tandiko wiki iliyopita. Ila zikiongezeka mikononi mwako, tatizo ni la sasa.

Nikague kila baada ya muda gani?

Mara mbili kwa mwaka kwa farasi mzima aliyetulia. Kila miezi mitatu au chini ya hapo kwa anayejengeka, anayerudi kutoka kwenye jeraha, au aliyenenepa ghafla. Zile karatasi zenye tarehe ndizo zitakazokuonyesha: ziweke moja juu ya nyingine.

Ananing'ata nikifunga mshipi, ingawa fundi amesema tandiko ni zima.

Basi inawezekana kabisa fundi amesema kweli. Vidonda vya tumbo vimeenea mno kwa Thoroughbred wa mbio, na mwenye vidonda hukasirikia mshipi kabla hata haujakazwa. Vilevile aina hii inajulikana kwa miiba ya pingili za mgongo kukaribiana mpaka kugusana, mara nyingi chini ya kiti hasa, na hilo huthibitishwa kwa eksirei. Kuna farasi pia aliyeumizwa na tandiko la zamani ambaye anakumbuka, na huyo anahitaji muda.

Wa kuamua ni daktari wa mifugo. Sue Dyson niliyemtaja juu alitengeneza orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa, kama kulaza masikio nyuma kwa muda mrefu, kufungua kinywa mara kwa mara, au kutikisa mkia. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au mifupa. Mrekodi kwa simu akiwa amepandwa, dakika chache kila upande, kwa mwendo wa kutembea, mchakamchaka na shoti, kisha mkabidhi daktari video hiyo pamoja na tandiko lenyewe. Ataomba kuviona vyote viwili.